Wanaijua SBAR kwa kichwa, lakini simu ya usiku inawashinda: nifanyeje na wanafunzi wangu wa uuguzi?

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Mimi ni muuguzi mkunga katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya. Tangu mwaka jana nimepewa jukumu la kuwalea wanafunzi wa diploma ya uuguzi wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo. Chuoni wamefundishwa SBAR, yaani utaratibu wa kutoa taarifa ya mgonjwa kwa hatua nne, ukiwauliza wanakutajia hatua zote nne bila kukosea. Tatizo linaanza kazini. Mwezi uliopita, usiku, nilikuwa nimeingia chumba cha upasuaji na mama mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa tatu akabaki na mwingine aliyetoka kujifungua. Damu ikaanza kumtoka. Mwanafunzi alimpigia daktari wa zamu akamwambia: "Shikamoo daktari, samahani kwa usumbufu, kuna mama huku hali yake si nzuri sana." Daktari akajibu anakuja. Alifika baada ya dakika 40. Mama alipona, ila aliongezewa damu chupa mbili. Tangu siku hiyo yule binti hataki kabisa kushika simu. Mwenzangu mmoja anasema ni woga tu, utaisha akiajiriwa. Mwingine anasema tubandike fomu ya SBAR karibu na simu. Na daktari mmoja kaniambia mwanafunzi hana haki ya kumpa daktari mapendekezo. Nifanyeje? Na waongee Kiswahili au Kiingereza?

JIBU: Sista, pole kwa usiku ule, na huyo binti mfikishie pole zangu. Ninavyokuelewa, hofu yako si kwamba wanafunzi hawajui. Wanajua, na bado ujuzi wao haukumfaa mama yule pale ulipohitajika. Hilo nitalijibu kwa urefu, ila kuna jambo lazima litangulie: mwanafunzi hakupaswa kubaki peke yake na mama aliyetoka kujifungua. Sikulaumu. Najua zamu ya usiku wilayani ilivyo, mkunga mmoja, wodi imejaa, na upasuaji hausubiri. Nalisema ili tusije tukauchukua upungufu wa watumishi, tukambebesha mwanafunzi, kisha tukauita tatizo la mawasiliano. Na katika yote yaliyotokea, yeye aliiona damu, akatambua si ya kawaida, akapiga simu. Kilichomshinda ni maneno, na maneno yanafundishika.

Nianze na wenzako. Anayesema ni woga tu ameona nusu ya jambo. Mwaka 1990 George Miller, mwalimu wa elimu ya tiba huko Marekani, alizipanga ngazi za umahiri kuwa nne: mtu anajua, anajua namna ya kufanya, anaonyesha anavyofanya, na mwisho anafanya kweli kazini. Mtihani unaosema "Taja hatua nne za SBAR" unapima ngazi ya chini kabisa. Igizo la darasani linafika ya tatu. Simu ya saa nane usiku ni ya nne, na hakuna aliyewahi kumpandisha binti huyu hadi hapo. Woga wake haukutangulia udhaifu wa maneno, ulitokana nao: alishika simu bila kujua atasema nini na ataomba nini. Mtu mwenye vipimo vitatu mkononi na ombi moja kichwani naye huogopa, ila anaongea. Na tukisubiri woga uishe akiajiriwa, simu yake ya kwanza ya kweli ataipiga akiwa kituo cha afya cha mbali, bila wewe wala mimi.

Sasa tuitazame simu yenyewe, kwa sababu makosa yake si ya binti huyu peke yake. Nimeyasikia kwa wanafunzi wa kila chuo, na kwa wauguzi wa miaka mingi pia.

SBAR ina mambo manne, na herufi zake ni za maneno ya Kiingereza: hali ilivyo sasa (Situation), historia fupi inayohusika (Background), tathmini yako (Assessment), na pendekezo (Recommendation), yaani unachoomba kifanyike. Utaratibu huu ulitoka kwa wanamaji wa nyambizi za jeshi la Marekani, ukaingizwa hospitalini na watu wa Kaiser Permanente, shirika la huduma za afya, kule Colorado mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sababu waliyoitoa inatuhusu sana. Muuguzi hufundishwa kueleza kwa upana na kujihadhari asitaje ugonjwa. Daktari hufundishwa kusubiri kiini cha jambo. Basi muuguzi anaanza tangu mama alipopokelewa jana saa kumi jioni njia ikiwa sentimita nne, na daktari aliyeamshwa usingizini anasikiliza akingoja kusikia tatizo ni nini. Hakuna kati yao anayekosea kazi yake. Wamelelewa tofauti, na pale kati ndipo mgonjwa anapopotea.

Kwetu kuna jambo la ziada, nalo ni adabu. Mtoto aliyelelewa vizuri hapeleki habari mbaya kwa mkubwa ghafla ghafla. Hata msiba hatuutangazi kwa neno moja, tunauzungukia: "mgonjwa wetu kazidiwa kidogo, njooni nyumbani." Mwanafunzi anakuja na malezi hayo wodini. "Samahani kwa usumbufu" inamwambia daktari kwamba jambo lenyewe ni dogo kiasi cha kuombewa radhi. "Si nzuri sana" inapunguza uzito wa damu iliyokuwa inamwagika. Na hakuna mahali alipomwomba daktari kitu. Daktari alisikia kwamba kuna mama, hajambo sana, ukipata nafasi pita. Akapita alipopata nafasi. Sisemi alifanya vema, kwa kuwa angeweza kuuliza maswali mawili tu akajua kila kitu. Lakini ujumbe aliopewa ndio huo.

Usimfundishe mwanafunzi kuacha adabu. Shikamoo ibaki, inachukua sekunde moja na inafungua sikio la anayeamkiwa. Kinachotakiwa kuondoka ni samahani na maneno ya kupunguza: kidogo, si sana, kama vile. Mahali pake paingie namba. "Damu nyingi" kila mtu anaipima kwa jicho lake, na jicho la mchovu hupunja. Wodini kwenu mkiwa na mfuko wa kukinga damu wenye alama za vipimo, utumieni kwa kila mama, si kwa yule anayeonekana kutokwa sana tu. Utafiti wa E-MOTIVE uliotangazwa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania, ulianzia hapo: pima damu mapema kwa kifaa, kisha toa matibabu yote ya awali kwa pamoja. Visa vya kutokwa damu kwa kiwango kikubwa, upasuaji wa tumbo kwa sababu ya damu au kifo vilipungua kwa asilimia 60. Mwanafunzi mwenye namba ya mililita hahitaji ujasiri wa kumshawishi daktari. Namba inamsemea.

Simu ile ile ingeweza kuwa hivi:

"Shikamoo daktari. Naitwa fulani, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, napiga kutoka wodi ya wazazi kwa niaba ya Sista wa zamu. Mama aliyejifungua dakika 30 zilizopita anatokwa na damu, imefika mililita 700 na bado inatoka. Ni uzazi wake wa nne, kajifungua kawaida, kondo limetoka lote, alichomwa oksitosini yuniti 10 mara baada ya mtoto kutoka. Presha 90 kwa 50, mapigo 124. Mfuko wa uzazi ni laini, nadhani haujajikaza na mama anaingia kwenye shoku. Tunaukanda, dripu yenye oksitosini inaingia. Naomba uje sasa hivi, na naomba agizo la traneksamiki gramu 1 kwenye mshipa tukiwa tunakusubiri. Utafika baada ya dakika ngapi?"

Isome kwa sauti, haimalizi dakika moja. (Oksitosini ni dawa ya kuukaza mfuko wa uzazi, na traneksamiki ni ya kupunguza kutoka kwa damu. Kama mwongozo wa kituo chenu unamruhusu mkunga kuanza traneksamiki mwenyewe, mwanafunzi aseme tu kwamba imeshaanza.) Sentensi ninayoipenda zaidi hapo ni ya mwisho. "Nakuja" ya Kiswahili inaweza kuwa dakika tano au saa zima. Ukiuliza dakika ngapi, daktari atakutajia namba, na wewe utajua kama umsubiri au umtafute mwingine.

Hapa ndipo naingia kwa yule daktari aliyesema mwanafunzi hana haki ya kutoa mapendekezo. Mjibu kwa heshima, ila usikubali. Pendekezo katika SBAR si kuandika dawa. Ni ombi, na maombi ya simu ni ya aina chache sana: njoo umwone, nipe agizo, au nishauri nifanye nini. Hakuna sheria ya taaluma inayomkataza mwanafunzi aliye chini ya usimamizi kusema "naomba uje." Tathmini vilevile si lazima iwe jina la ugonjwa. "Sijui ni nini, lakini presha inashuka kila nikipima na nina wasiwasi" ni tathmini iliyokamilika, tena nzuri. Tukiziondoa hizo hatua mbili za mwisho kwa kisingizio cha ngazi, tunabaki na mtu anayesoma namba kwenye simu, na uamuzi wote unamwangukia aliye kitandani kwake kilomita tatu kutoka kwa mgonjwa. Kwa maoni yangu, hali na historia mwanafunzi yeyote mwenye faili atazisoma. Uuguzi unaanzia kwenye tathmini na ombi, na ndipo muda wako wa malezi uende.

Na fomu? Naiunga mkono kwa kiasi. Hofu hula kumbukumbu, kwa hiyo karatasi inasaidia kweli. Hospitali moja ya chuo kikuu kule Ubelgiji iliwafundisha wauguzi wa wodi 16 kutumia SBAR, na mwaka 2013 ikaripoti kwamba vifo visivyotarajiwa vilipungua, huku wagonjwa waliohamishiwa ghafla uangalizi mahututi wakiongezeka. Ongezeko hilo lisikushangaze, nalisoma kuwa dalili kwamba wauguzi walianza kuita mapema. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali wa mwaka 2018 nao uliona ushahidi wa wastani kwamba SBAR inaongeza usalama wa wagonjwa, hasa katika mazungumzo ya simu. Wastani, si mkubwa. Tena wenzetu wale waliwafundisha watu, hawakubandika karatasi wakaondoka. Fomu iliyobandikwa ukutani kufikia mwezi wa pili imefunikwa na tangazo la kikao. Mimi hupendelea kadi ndogo inayokaa mfukoni, inayojazwa kando ya kitanda kabla simu haijaguswa. Kadi ikijaziwa kitandani, mwanafunzi analazimika kumtazama mama na kupima upya. Ikijaziwa mezani, atanakili presha ya saa nne zilizopita.

Sasa malezi yenyewe, maana hapa ndipo swali lako lilipo.

Mwanafunzi hajawahi kuisikia simu yako. Fikiria hilo. Amekuona ukienda kwenye simu, amekuona ukirudi na agizo, katikati hajui ulisema nini. Kwa hiyo wiki ya kwanza usimpe simu kabisa. Mwite asimame karibu, na kabla hujapiga fikiri kwa sauti: "Ninachotaka kutoka kwa daktari ni aje, si anishauri. Kwa hiyo nitaanza na damu, historia ya kliniki nitaiacha akiuliza." Halafu piga, yeye akisikiliza na kadi tupu mkononi. Ukimaliza muulize: nimeomba nini? Nimeacha nini kwa makusudi? Hilo la kuacha ndilo gumu kwao. Chuoni wamezoea kwamba anayesema mengi anapata alama nyingi.

Baada ya hapo mfundishe kuamua, na hili hufanyika kando ya kitanda, si kwenye simu. Kuna njia ya maswali mafupi waliyoiandika walimu wa tiba ya familia wa Marekani mwaka 1992, nami naiona inafaa wodi zenye shughuli kwa kuwa haichukui zaidi ya dakika tano. Unamtaka mwanafunzi atoe msimamo, unamuuliza ushahidi wake, unamfundisha kanuni moja tu, unamtajia alichofanya sawa, unamrekebisha alipokosea. Chukua mfano wa mama mwenye ujauzito wa wiki 36, presha 150 kwa 100. Mwanafunzi anakuja: "Sista, presha ya mama imepanda." Usimjibu "mpigie daktari," wala usiende kumwona mama kwanza ikiwa hali inaruhusu. Muulize, "Unadhani kuna nini?" Kisha nyamaza. Atatazama chini, atasema hajui, wewe endelea kunyamaza. Atasema, "Labda dalili za kifafa cha mimba." Muulize, "Kipi kinakufanya udhani hivyo?" "Kichwa kinamuuma tangu asubuhi, na miguu imevimba." Halafu utaona uso unabadilika: "Lakini mkojo sijaupima protini. Na sijamuuliza kama anaona ukungu." Hapo hujamfundisha herufi hata moja ya SBAR, na tayari amejijengea tathmini na kugundua kinachokosekana kabla daktari hajamwumbua kwa kukiuliza.

Kisha mwambie: nipigie mimi kwanza. Katika zoezi hilo wewe Sista ndiye daktari, umelala, umechoka. Hapa nina mazoea ambayo vitabu haviyasemi: ninamtaka aandike ombi kwanza, ndipo arudi juu kwenye hali na historia. Akishajua anaomba nini, anajua namba zipi zinalibeba ombi hilo na zipi ni za ziada. Akianzia juu, atasimulia.

Simu za kweli za mwanzo ziwe za mambo mepesi: majibu ya maabara yaliyofika, dawa iliyokosekana famasi, mama mwenye homa ila yuko imara. Dharura isiwe simu yake ya kwanza kamwe. Wekeni spika, mkiwa chumba cha wauguzi na mlango umefungwa, kwa sababu siri ya mgonjwa haisikilizwi na ndugu walioko korido. Kabla hajapiga mkubaliane ishara, kwa mfano "nikikugusa bega, nipe simu." Bila kukubaliana hivyo utamnyang'anya. Najua jinsi mkono unavyowasha pale mwanafunzi anaposita na daktari ameanza kupandisha sauti. Ukimnyang'anya kwa sababu tu amesita, amejifunza kwamba simu ni yako. Mwache asite, mwonyeshe kwa kidole mstari kwenye kadi. Chukua simu pale tu mgonjwa anapobadilika dakika kwa dakika, pale taarifa anayoitoa si sahihi, au daktari anapomvunjia heshima.

Agizo la dawa kwa simu lisipokelewe na mwanafunzi peke yake. Wewe uliyesajiliwa ulisikie, mwanafunzi alirudie kwa sauti, jina la dawa, kipimo, njia na mara ngapi, daktari athibitishe, ndipo liandikwe papo hapo. Kwa hili usilegeze hata siku yenye shughuli.

Simu ikiisha, mpe dakika mbili faraghani. Yeye aanze: alikwama wapi? Kisha mtajie jambo moja lililokwenda vizuri kwa jina lake hasa, si "umejitahidi" bali "ulitaja mapigo kabla hujaulizwa." Na jambo moja la kubadilisha safari ijayo. Moja linatosha. Kumkosoa mbele ya akina mama au wenzake kunabomoa ulichojenga wiki nzima.

Utaniambia wako wanane na wewe ni mmoja. Usijaribu kuwafikia wote kila zamu. Chagua wawili, mmoja apige, mwenzake asikilize na kadi kisha ampe maoni kabla yako. Kesho wawili wengine. Wakati wa kukabidhiana zamu, kila mwanafunzi akabidhi mgonjwa mmoja kando ya kitanda, na anayepokea arudie alichosikia. Kukabidhi zamu ni kazi yenye umbo lake, SBAR inaingia lakini haikuundwa hasa kwa hilo, kwa hiyo usiwabane wafuate herufi nne pale. Kurudia ndiko muhimu.

Kuhusu lugha, waongee ile ambayo yeye na daktari wanafikiri nayo haraka zaidi usiku, na kwa wengi wetu ni Kiswahili chenye majina ya dawa na vipimo kama tunavyovitamka kila siku. Faili liandikwe kwa Kiingereza kama kawaida. Ninachokuonya ni saa. Chati inaandika 02:00, mdomo unatakiwa useme saa nane usiku, na mwanafunzi mwenye hofu anasoma anachokiona: "saa mbili." Daktari anapata picha ya mama anayetokwa damu kwa saa sita. Wazoeze kusema muda uliopita, dakika 30 zilizopita, saa mbili zilizopita, na mkanganyiko huo unaisha.

Malezi haya hayatafika mbali kama upande wa pili wa simu haujaguswa. Kaa na madaktari, hasa wale intani, yaani madaktari walio mafunzoni, wanaobadilika kila mara, uwaambie: kwenye zamu yangu wanafunzi watawapigia, mimi nitakuwa pembeni. Waombe jambo moja tu, kwamba wakisikia maelezo yanazunguka wasifoke, waulize "ombi lako ni nini?" Swali hilo linamrudisha mwanafunzi kwenye mstari papo hapo. Nimeona madaktari wengi wakilipokea vizuri, kwa sababu na wao wanaumia kuamshwa bila kujua wanaendea nini. Na wanafunzi nao wape ngazi ya kupandisha sauti bila kuvunja adabu pale wanapopuuzwa: "Daktari, nina wasiwasi." Asiposikia: "Sijaridhika kumwacha mama hivi." Asiposikia tena: "Hii ni hatari kwa mama." Wayaseme darasani na kwenye igizo hadi yawe mepesi mdomoni. Mara ya tatu ikipita bila majibu, anayefuata kupiga si mwanafunzi, ni wewe, na anayepigiwa ni mwingine.

Huyo binti sasa. Usimlazimishe simu, na usimwache akae mbali nayo hadi rotesheni iishe, maana akiondoka wodini kwako hivyo, woga huo ataondoka nao. Kaa naye mahali tulivu, mwache asimulie usiku ule mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza. Mwambie wazi alichofanya sawa, na mwambie wazi kwamba kubaki peke yake halikuwa kosa lake. Kisha ichukueni ile simu yake muiandike upya pamoja kwenye kadi, yeye akishika kalamu. Baada ya siku chache mpe simu ya maabara, kisha ya famasi, kisha ya daktari kwa jambo jepesi, kila mara ukiwa kando yake. Ukiona halali usingizi, analia akiingia wodini, anakwepa zamu au anasema ataacha masomo, hilo limepita uwezo wako na wangu. Mpeleke kwa mshauri nasaha wa hospitali au daktari wa afya ya akili, na mkufunzi wake wa chuo ajulishwe kwa ridhaa yake.

Na zile dakika 40 usizimalize kwa mafunzo ya wanafunzi. Peleka tukio lile kwa muuguzi mfawidhi na timu ya uboreshaji huduma ya hospitali, kwa maandishi, bila kumtaja mtu kwa lawama: mama alianza kutokwa damu saa ngapi, simu ilipigwa saa ngapi, daktari alifika saa ngapi, nani alikuwa wodini. Omba mambo mawili yaandikwe na kubandikwa: nani anapigiwa pale daktari wa zamu asipofika ndani ya muda uliokubaliwa, hadi kwa mganga mfawidhi mwenyewe, na nani anabaki na wanafunzi mkunga wa zamu anapoingia chumba cha upasuaji. Wakikuambia hakuna mtumishi wa kubaki, omba jibu hilo nalo liingie kwenye kumbukumbu za kikao, kisha zungumza na chuo kuhusu kutopanga wanafunzi zamu ya usiku hadi apatikane.